Je, Wajua? Maajabu ya Programu Zinazoendesha Biashara

Programu ya kompyuta haishikiki wala haipimwi kwenye mizani. Ni maagizo yaliyoandikwa mstari kwa mstari, yakiiambia mashine ianze na lipi, imalizie na lipi, na ifanye nini mambo yakienda kombo. Lakini mshahara unaoingia benki, umeme unaowaka sebuleni na risiti inayotoka dukani vyote vinapitia humo. Hizi hapa ni habari zake ninazopenda kuwasimulia watu kuliko zote.

Programu ya kwanza ya biashara ilihesabu mikate

Novemba 1951, jijini London, kampuni iliyosifika kwa migahawa yake ya chai, J. Lyons & Co., iliipa kompyuta kazi ya kukokotoa thamani ya mikate, keki na pai zilizookwa na viwanda vyake. Hakuna aliyekuwa akiuza mashine ya kazi hiyo, kwa hiyo Lyons waliiunda wenyewe kwa kufuata mfano wa kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, wakaiita LEO. Ilikuwa na valvu zipatazo 6,000, na kumbukumbu yake ilikuwa mawimbi ya sauti yaliyozungushwa bila kukoma ndani ya mirija iliyojaa zebaki. Namba zilihifadhiwa kama sauti! Mimi kila nikilifikiria hilo nashangaa upya.

Baadaye LEO ilipewa mishahara. Karani mzoefu alitumia dakika 8 hivi kukokotoa malipo ya mfanyakazi mmoja. LEO ilitumia sekunde 1.5, yaani kasi mara 320. Kisha ikaanza kupanga bidhaa za migahawa: mameneja walipiga simu kila mchana kusema wanahitaji nini zaidi au pungufu kesho yake, na mashine ikatoa hesabu ya magari ya kupeleka.

Wakiongozwa na David Caminer, wataalamu wa Lyons walichambua kazi ya ofisi hatua kwa hatua kabla ya kuandika agizo hata moja. Utaratibu huo ndio unaofuatwa mpaka leo na yeyote anayetengeneza mfumo mzuri wa biashara.

Programu iliwahi kutolewa kama nyongeza

Kabla ya mwaka 1969, kampuni iliyonunua au kukodi kompyuta kubwa ya IBM ilipewa programu bila kulipia zaidi, kama muuza nyanya anavyokuongezea mbili juu ya fungu. Juni 1969 IBM ilitangaza kwamba programu nyingi zitakuwa na bei yake peke yake. Wakati huo Serikali ya Marekani ilikuwa imeibana kwa kesi ya kuhodhi soko.

Tangazo hilo moja liliwafungulia mlango watu waliokuwa na akili ya kuandika maagizo lakini hawana kiwanda cha kutengeneza mashine. Mwaka 1972, watu watano waliokuwa wafanyakazi wa IBM nchini Ujerumani walianzisha SAP, kampuni ya mifumo ya uhasibu na ugavi ambayo leo ni miongoni mwa kampuni zenye thamani kubwa zaidi barani Ulaya.

Ubao wa darasani ulizaa lahajedwali

Mwaka 1978, Dan Bricklin, mwanafunzi wa biashara wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliona jinsi jedwali la hesabu ubaoni linavyosumbua: ukibadilisha namba moja juu, unafuta na kuandika upya zote zinazoitegemea hadi chini. Akawaza ubao unaojifuta na kujiandika wenyewe. Rafiki yake Bob Frankston akaandika programu, na mwaka 1979 ikaingia sokoni kwa jina la VisiCalc.

Ilikuwa na safu wima 63 na safu mlalo 254, jumla visanduku 16,002. Vilitosha kabisa. Wafanyabiashara ambao hawakuwa na haja yoyote na kompyuta ndogo walinunua Apple II ili tu waweze kuitumia VisiCalc, na hapo ndipo kompyuta ya mezani ilipoacha kuwa mchezo wa wapenda elektroniki ikawa kifaa cha ofisi.

Leo ukurasa mmoja wa Excel una safu mlalo 1,048,576 na safu wima 16,384. Zidisha, utapata visanduku zaidi ya bilioni 17, ambavyo vinatosha kumpa kila binadamu duniani viwili na vingine vikabaki.

Wingi huo una mpaka, na mpaka ukisahauliwa kuna gharama. Oktoba 2020, wagonjwa 15,841 wa Korona nchini Uingereza walichelewa kuingizwa kwenye takwimu kwa sababu majedwali yalipitia aina ya zamani ya faili la Excel, ambalo haliwezi kubeba zaidi ya safu mlalo 65,536. Zilizozidi ziliachwa nje, na kazi ya kuwatafuta waliokutana na wagonjwa hao ikachelewa.

Excel inaamini siku ambayo haikuwahi kuwapo

Andika 29/2/1900 kwenye Excel, itaipokea kama tarehe halali. Kwa kalenda tunayotumia, mwaka unaogawanyika kwa 100 hauwi mrefu mpaka ugawanyike pia kwa 400, kwa hiyo Februari 1900 iliishia tarehe 28. Kosa hilo lilitoka kwenye Lotus 1-2-3, programu iliyotawala ofisi miaka ya 1980, na Microsoft walilichukua kwa makusudi ili mafaili ya Lotus yafunguke bila tarehe kuhama.

Kulirekebisha sasa kungesogeza tarehe katika majedwali yasiyohesabika, kwa hiyo limeachwa. Kosa la zamani likishategemewa na watu wengi, hugeuka kuwa kanuni.

Kompyuta haiwezi kuandika senti kumi kwa usahihi

Iambie kompyuta ijumlishe 0.1 na 0.2. Katika lugha nyingi za programu, jibu litakuwa 0.30000000000000004. Mashine haijachanganyikiwa. Yenyewe huhesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kwa hesabu hiyo moja ya kumi haina mwisho, sawasawa na theluthi moja inavyotupa sisi 0.333 isiyokoma. Inabidi ikate mahali fulani.

Vipande hivyo vidogo vikikusanyika, hutikisa hata soko la hisa. Januari 1982, Soko la Hisa la Vancouver nchini Kanada lilianzisha kipimo kipya cha bei za hisa, kikianzia 1,000. Programu ilikikokotoa upya karibu mara 3,000 kwa siku, na kila mara ikakata tarakimu za baada ya ile ya tatu ya desimali badala ya kukadiria juu au chini inavyopaswa. Kila mkato ulipunguza chini ya sehemu moja ya elfu ya pointi. Baada ya miezi 22 kipimo kilisoma 524.811, wakati hesabu sahihi ilikuwa 1,098.892. Zaidi ya nusu ya thamani ilikuwa imepotea kwenye karatasi, na hakuna aliyeichukua.

Ndiyo maana waandishi makini wa programu za fedha huhifadhi pesa kama idadi kamili ya senti, au hutumia hesabu maalumu ya desimali. Ukikutana na mtu anayekutengenezea mfumo wa duka, muulize anahifadhije senti. Jibu lake litakuonyesha mengi.

Msimbopau hauna bei

Ile mistari myeusi kwenye pakiti ya sabuni haibebi bei hata kidogo. Inabeba namba tu. Programu ya duka ndiyo inayotafuta bei ya namba hiyo kwenye orodha yake, kwa hiyo mwenye duka anaweza kubadilisha bei ya maboksi elfu bila kugusa boksi hata moja. Bidhaa ya kwanza kupitishwa kwenye mashine ya kusoma mistari hiyo ilikuwa pakiti ya chingamu za Wrigley, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, Juni 26, 1974.

Tarakimu ya mwisho ni mlinzi. Hupatikana kwa kukokotoa zile zilizotangulia, hivyo ukikosea tarakimu moja wakati wa kuandika, programu hugutuka papo hapo. Namba za Tanzania huanza na 620 na za Kenya 616, ingawa hiyo huonyesha kampuni ilikosajiliwa, si lazima mahali bidhaa ilikotengenezwa.

Kadi ya laini ya simu ni kompyuta kamili

Chini ya kile kipande cha rangi ya dhahabu kuna kichakataji, kumbukumbu na programu zake. Safaricom ilipozindua M-Pesa nchini Kenya Machi 2007, menyu ya kutuma pesa iliwekwa ndani ya kadi yenyewe, na wateja wakabadilishiwa laini. Kwa hiyo simu ya kitochi ilitosha. Ukiingiza namba ya siri, programu ya kwenye kadi huifunga kwa msimbo kabla haijatoka kwenye simu yako.

Lengo la awali halikuwa kutumiana pesa. Majaribio yaliyoanza mwaka 2005 yalihusu kulipia mikopo midogo, lakini waliojaribu wakaanza kuitumia kupelekeana pesa, na wabunifu wakawa na busara ya kuwafuata watumiaji. Napenda sana kisa hiki, kwa sababu wengi wangewalaumu watumiaji kwa kukiuka maelekezo.

Njia ya pili ni ile ya kupiga *150*00# kama wafanyavyo wateja wa M-Pesa Tanzania. Hapo menyu haiko kwenye simu wala kwenye kadi. Iko kwenye kompyuta za kampuni, na simu inaonyesha tu inachotumiwa, kwa kurasa zisizozidi herufi 182 kila moja. Mazungumzo ni ya papo kwa papo: mtandao ukikatika katikati, unaanza upya. Ndani ya herufi 182 wauzaji wamelipwa, ada za shule zimepelekwa, na mikopo imeombwa na kurejeshwa.

Mita ya LUKU haihitaji mtandao kujua umelipa

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mita nyingi za LUKU, zile za umeme wa kulipia kabla nchini Tanzania, hazina laini ya simu wala intaneti. Unalipia umeme ukiwa mjini, unampigia mdogo wako wa kijijini ukimsomea tarakimu 20, anazibofya, na taa zinawaka. Mita ilijuaje?

Zile tarakimu, ziitwazo tokeni, ni barua iliyofungwa kwa siri. Kompyuta ya TANESCO, shirika la umeme, inachukua idadi ya uniti ulizonunua pamoja na dakika ya ununuzi, inavichanganya kwa ufunguo wa mita yako peke yake, na matokeo yanaandikwa kama tarakimu 20. Mita ina ufunguo huohuo ndani yake. Inaifungua barua, inasoma uniti, inaangalia dakika, na kama tokeni hiyo imeshatumika inaikataa. Ndiyo maana tokeni ya jirani haikufai, na yako haiingii mara mbili. Mtu akitaka kujaribu kila namba inayowezekana, moja kwa sekunde bila kulala, atahitaji zaidi ya miaka trilioni 2.

Utaratibu huu ulibuniwa Afrika Kusini na sasa ni kiwango cha kimataifa kinachotumika katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Lakini wabunifu walitenga nafasi ndogo ya kuandikia muda: dakika zilihesabiwa kuanzia Januari 1, 1993, na nafasi ilitosha dakika 16,777,216 tu. Zilikwisha Novemba 24, 2024. Kama kisingefanyika kitu, hesabu ingerudi sifuri, na mita zingeziona tokeni mpya kuwa za zamani na kuzikataa.

Mwaka ule, wateja wa Tanzania walishangaa kupokea makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja. Mawili ya kwanza yaliibadilishia mita ufunguo na kufuta kumbukumbu ya tokeni za zamani, na la tatu ndilo lililokuwa na uniti. Yaani watu wa kawaida, wakiwa wamesimama mbele ya mita zao na kipande cha karatasi mkononi, walirekebisha programu nyumba kwa nyumba. Hesabu mpya inaanzia mwaka 2014, kwa hiyo itafika hadi Novemba 2045.

Saa nyingine inaishia 2038, saa 12 asubuhi

Kompyuta nyingi hujua wakati kwa kuhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970. Zile za muundo wa zamani haziwezi kupita 2,147,483,647, na kwa saa za Afrika Mashariki sekunde hiyo itagonga Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi. Baada ya hapo, mfumo ambao haujarekebishwa utadhani uko Desemba 1901.

Benki haziwezi kusubiri hadi hapo. Mkopo wa nyumba wa miaka 20 uliosainiwa mwaka 2020 unamalizika 2040, na programu inayopanga marejesho lazima iijue tarehe hiyo tangu siku ya kwanza. Mifumo mipya imetenga nafasi maradufu ya kuandikia muda, na hiyo inatosha kwa miaka bilioni 292.

Lugha ya mwaka 1959 bado iko kazini

Grace Hopper, mwanahisabati wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, alishikilia kwamba wahasibu wasilazimishwe kuandika alama za kihisabati, bali maneno ya kawaida, na kompyuta iyatafsiri. Wengi walimwambia haiwezekani. Kazi yake ikawa msingi wa COBOL, iliyobuniwa kuanzia mwaka 1959, lugha ambayo hadi leo inaendesha sehemu kubwa ya hesabu za benki na bima duniani. Inahesabu kwa desimali vizuri, kwa hiyo ule utata wa 0.1 hauisumbui.

Aprili 2020, Gavana wa New Jersey alisimama mbele ya waandishi wa habari akiomba watu wanaoijua COBOL wajitolee, kwa sababu maombi ya mafao ya waliopoteza ajira yalikuwa yameielemea mifumo ya miaka mingi ya jimbo lake.

Dakika 45, dola milioni 440

Asubuhi ya Agosti 1, 2012, kampuni ya udalali wa hisa ya Knight Capital, Marekani, ilianza kutumia programu mpya. Ilipaswa kuwekwa kwenye kompyuta nane, iliwekwa saba. Kwenye ile ya nane kulibaki kipande cha programu kilichoachwa kutumika miaka mingi nyuma, na agizo jipya likakiamsha. Kikaanza kununua na kuuza hisa bila kikomo. Mpaka kinazimwa, hasara ilikuwa imekaribia dola milioni 10 kwa kila dakika, na mwaka uliofuata kampuni iliungana na nyingine.

Kosa lenyewe lilikuwa la orodha ya kazi, si la hesabu. Hakukuwa na mtu wa pili wa kukagua kama kompyuta zote nane zimeguswa.

Programu ya ofisi imezungumza Kiswahili tangu 2004

Mwaka huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia barua na kupangia hesabu ambayo menyu zake zote zilikuwa kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa kuwa OpenOffice ni programu huria; mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua, kuibadilisha na kuigawa bila kumwomba mtu ruhusa.

Kanzidata iliyoenea kuliko zote iko mfukoni mwako, na haina mwenyewe

Majina ya watu kwenye simu yako na ujumbe wako wa WhatsApp vimehifadhiwa na programu ndogo iitwayo SQLite. Iko kwenye kila simu ya Android na kila iPhone, kwenye vivinjari vya intaneti na hata kwenye ndege. Ilianza mwaka 2000, wakati D. Richard Hipp alipokuwa akifanya kazi ya programu za manowari ya Marekani na akachoshwa na kanzidata iliyogoma kila kompyuta yake kuu ilipozimika. Akaandika yake, isiyotegemea kompyuta nyingine.

Kisha akaachia haki zake zote. Hakuna leseni wala ada: muuza duka wa Kariakoo na kampuni kubwa kuliko zote duniani wana haki sawa juu yake. Inatunzwa na kikundi cha watu wachache mno, lakini kwa kila mstari wa programu yenyewe wameandika zaidi ya mistari 500 ya kuijaribu, na wamesema wanakusudia kuendelea kuihudumia hadi mwaka 2050.